Irabu ya Mwisho katika Neno Hali

Bibi yangu mzaa baba alikuwa khalifa. Nalisema hili mapema kwa sababu nimechoka kusikia watu wakisema alikuwa mtu wa dua tu, bibi mcha Mungu, kama wasemavyo juu ya kila mwanamke mzee ambaye hawajui alikuwa akifanya nini. Khalifa ni cheo. Alikipata Unguja, akiwa mwanamke wa makamo, mbele ya wenzake waliokaa mduara katika ukumbi wa nyumba ya Malindi. Kazi yake ilikuwa kuwaongoza wanawake katika zikri ya tarika, njia ya masufi, ile inayoanza ulimini, ikashuka kifuani, mwisho ikabaki pumzi tupu, watu wakivuta na kutoa jina la Mungu lisilo na herufi hata moja.

Cheo hicho hakikuandikwa popote. Khalifa aliyemtangulia, mwanamke mwenzake, alimshika mkono wa kulia, akasoma, akampulizia kiganjani, akamwambia amempa ijaza, yaani ruhusa ya kuongoza na ya kuja kumpa mwengine. Na huyo naye alishikwa mkono na aliyemtangulia, na yule na wake, mkono kwa mkono, hadi huko nyuma nisikokujua. Bibi akiueleza mnyororo huo alikuwa akikitazama kiganja chake kama mtu anayetazama kama kimekauka.

Alikuwa na imani moja ambayo sijaisikia kwa mtu mwengine. Ijaza, alisema, haikai kwa mtu. Inakaa kwenye duara. Khalifa asiye na duara, siku akifa, mnyororo wote ule wa mikono unakatikia kwake.

Tulipohamia Ibra, Omani, mwanzoni mwa miaka ya sabini, Bibi alikuja na kiganja chake lakini duara hana. Wanawake wake wa Unguja walikuwa wametawanyika, mmoja Mombasa, mmoja Dubai, wengine chini ya ardhi. Ibra ulikuwa mji wa ukoo wa babu, ambao sisi tulikuwa tukiusikia kwa jina tu: nyumba za udongo zenye milango mizito, vichochoro vyembamba, mitende, na falaji, mfereji wa mji, likipita na maji yake baridi kandoni mwa ukuta wetu. Baba alipata kazi ya ofisini kwa sababu alijua Kiingereza. Mimi nilipelekwa skuli mpya asubuhi, na jioni kwa muallima wa mtaa, mwanamke mkavu mwenye fimbo ya kuti, aliyesomesha wasichana Kurani na ambaye hakuna mtu Ibra, mke wala mume, aliyethubutu kumkatiza maneno.

Mtaani tuliitwa Wazinjibari. Hawakututusi, lakini walituigiza. Sisi tulijiona tumerudi nyumbani, wao walituona wageni wenye Kiarabu cha kuchekesha. Na cha Bibi ndicho kilichochekesha kuliko vyote. Kurani alikuwa nayo yote kifuani na vitabu vya Kiarabu alivisoma bila ya kusita, ila akifungua mdomo kuzungumza, ulimi wake wa Unguja haukukubali kuliacha neno likisimama kwa mguu mmoja. Kila neno alilimalizia kwa irabu. Nyumba, badala ya beit, kwake ilikuwa beiti. Mlango, badala ya bab, ulikuwa babu. Watoto wa kichochoroni walimsubiri apite, wamwamkie kwa irabu zake mwenyewe, "Ya khalatii, ya khalatii," yaani ewe mama mdogo, naye akawaitikia kwa heshima kamili kama aliyeamkiwa na mawaziri.

Alhamisi ya mwanzo baada ya kuhamia, ilipoisha sala ya alasiri, Bibi alitandika mkeka katika chumba cha nje na akakaa. Alikuwapo yeye, shoga yake mmoja wa Kipemba aliyekuwa akikaa mtaa wa pili, na mimi.

"Hili si duara," alisema yule shoga, akitutazama. "Haya ni mafiga."

"Mafiga ndiyo yanayobeba chungu," Bibi akamjibu. "Kaa."

Tukakaa, tukasoma, tukavuta pumzi. Ikawa hivyo Alhamisi baada ya Alhamisi. Wanawake wengine wa Kizinjibari waliopo Ibra walialikwa, wakasema inshallah, hawakuja. Walikuwa wakijitahidi kufanana na watu wa hapa, na watu wa hapa ni watulivu katika ibada zao, wanasali, wanasoma, wanakwenda zao. Mambo ya tarika hawana. Nani angependa kuonekana akihema na mwanamke asiyejua kutamka mlango?

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mwanamke wa Ibra wa kuzaliwa, bado kijana, mume wake akifanya kazi Kuwait. Alikuwa na sauti kubwa kuliko mtaa mzima. Akiita mbuzi wake, mbuzi wa mitaa mingine walinyanyua vichwa. Siku moja wakifua nguo falajini, alimuuliza Bibi, kwa sauti hiyohiyo ambayo kila mwanamke pale aliisikia, "Khalti, Alhamisi mnafanya nini mle ndani? Mnajifungia, mna nini?"

Bibi akafikiri namna ya kumwelezea. Kwa watu wa zikri, kile kinachomjia mtu katikati ya pumzi, akatulia, akalia au akanyamaza, kinaitwa hali. Neno lenyewe ni la Kiarabu, ilikuwa haki yake kulitumia. Akajibu kwa Kiarabu chake, "Tunapata hali."

Angesema hal, akaikata hapohapo, labda wangemwelewa. Lakini ulimi wa Unguja uliongeza irabu yake, kama kawaida. Na katika Kiarabu cha watu wa Ibra, hali, kwa irabu hiyo ya mwisho, maana yake ni kitu kitamu.

Alhamisi iliyofuata mlango uligongwa. Akaingia jirani, nyuma yake wifi yake, nyuma ya wifi wanawake wa falajini mmoja baada ya mmoja, wamejipamba, wananukia ubani, na kila mmoja ana bakuli chini ya shela. Wakakaa ukutani. Wakayaweka mabakuli mbele yao kwa adabu.

Shoga alimsogelea Bibi. "Hawa wamekuja na mabakuli ya nini?"

Bibi aliyatazama mabakuli. Niliuona uso wake ukihesabu maana, kisha nikaona mdomo ukicheza kidogo. "Wamekuja kula hali," alisema. "Nenda jikoni kapike tambi."

"Nazi hakuna."

"Tia maziwa ya kopo. Usiache iliki."

Basi tambi zikaanza kukaangwa kwa samli, harufu ikaingia chumbani, na wageni wakatulia kwa furaha. Mgeni haondoki kabla ya kula, hilo ni sawa Unguja na Ibra. Bibi akalijua hilo, akalitumia. Akawaambia kwamba wakati tambi zinaiva, wao wana desturi ya kumtaja Mungu kidogo, anayetaka asome nao na asiyetaka apumzike. Nani atakataa kumtaja Mungu akingoja tambi?

Nilikuwa nimekaa karibu na mlango wa jiko, nikawaona vizuri. Mwanzo walisoma kama wasomavyo wao, kwa sauti safi, wakamuonea huruma Bibi kwa matamshi yake. Kisha maneno yakawa machache. Kisha likabaki jina moja, kisha nusu ya jina, kisha pumzi. Bibi aliifungua mikono juu ya magoti na kifua chake kikaanza kwenda, bila ya papara, na mmoja mmoja vifua vingine vikamfuata bila ya kuambiwa. Hakukuwa na Mzinjibari wala mtu wa Ibra katika sauti ile. Ilikuwa kama chumba chenyewe kimelala na kinahema usingizini.

Tambi zilipoletwa walikula wote, wakazisifu, wakakomba mabakuli. Wote isipokuwa jirani. Yeye aliliweka bakuli mapajani, hakuligusa, na hakusema neno. Wifi alimtania, hakujibu. Walipoondoka aliubusu mkono wa Bibi, akapita kichochoroni kimya, na jioni ile mbuzi wake walirudi peke yao kwa sababu hakuna aliyewaita.

Alibaki vile mpaka siku ya pili. Sauti ilirudi Ijumaa baada ya sala, kubwa kama zamani, lakini siku nzima mwanamke yule kanyamaza, na Ibra nzima ilijua ni kitu kisichowezekana. Wifi ndiye aliyeanza. Mzinjibari kamchukua ulimi. Halafu ikawa kwamba mle ndani munapungwa pepo. Halafu ikawa kwamba zile tambi zina kitu.

Maneno yalimfika Baba kazini. Alirudi, akavua viatu, akamkuta Bibi anachambua mchele uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mbona umenuna?"

"Mama, hapa si Unguja."

"Najua. Kule kulikuwa na nazi."

"Nakwambia kweli. Leo watu wazima wananiuliza mama yako anapunga pepo siku gani."

"Ukawajibu nini?"

"Sikuwajibu."

"Basi ndo ukawajibu."

Baba alikaa chini kwenye jamvi. Hakuwa mtu mbaya, baba yangu. Alikuwa mtu aliyekwisha kufukuzwa na nchi moja na alikuwa akiomba Mungu asifukuzwe na ya pili. Alimwambia mama yake kwa upole kwamba Alhamisi inayokuja iwe ya mwisho, na baada ya hapo asali na asome peke yake kama wanavyofanya bibi wengine, Mungu anasikia.

"Mungu anasikia," alisema Bibi. "Wala sikusanyi watu kwa ajili ya Mungu, baba. Nawakusanya kwa ajili ya mkono huu." Akamnyooshea kiganja. "Ukikatika kwangu, mimi nitakutana nao wote huko, khalifa wangu na khalifa wake. Nitawaambia nini? Nitawaambia mwanangu alichekwa ofisini?"

Baba hakubadili neno lake. Kesho yake Bibi alivaa buibui lake la Unguja, la hariri, akatia udi, akanishika mkono, tukaenda nyumbani kwa muallima. Njiani nilimuuliza kwa nini tunakwenda kwa yule, wa kwanza wa kutukataza. "Kama kuna wa kunifungia mlango," alisema, "anifungie anayejua anachokifunga."

Hakuomba ruhusa. Alimwalika tu, kama mwanamke anavyomwalika mwanamke. Muallima akasema atakuja.

Alhamisi hiyo chumba kilijaa kupita kiasi, maana wengine walikuja kuona mwisho. Muallima aliingia wa mwisho. Hakukaa mkekani, alikaa mlangoni, makubadhi yake karibu na mkono. Kabla ya kitu chochote kuanza, alimwita jirani.

"Wewe. Wanasema wamekuchukua ulimi."

"Ulimi ninao, ya muallima," alisema jirani, na kuta zilimsikia. "Siku ile ulipumzika tu. Mume wangu kapelekewa habari Kuwait, amesema uendelee kupumzika kila Alhamisi."

Chumba kizima kilicheka, hata wifi, aliyejifunika uso kwa shela ili asionekane. Muallima hakucheka. Alimgeukia Bibi, na mimi nikaificha mikono yangu mapajani, kwa sababu naijua ile shingo inavyogeuka kabla ya fimbo.

"Jina la Mungu lina herufi," alisema. "Kila herufi ina pahala pake mdomoni. Maisha yangu yote nawafundisha watoto mahala hapo, na huyu mjukuu wako mmoja wao. Wewe unazitupa herufi unabaki na pumzi. Kwa nini?"

Bibi alijibu kwa Kiarabu chake, pamoja na irabu zake zote, wala hakujaribu kuzificha.

"Ulimi wangu una lafudhi, ya muallima. Kila nikimtaja Mungu hapa watu wanajua nimetoka wapi. Pumzi haina lafudhi."

Muallima alisogeza makubadhi yake kando, akaweka mikono juu ya magoti, akasema, "Anza."

Tukaanza. Nilimchungulia muda wote. Aliutikisa mdomo mwanzoni, akisahihisha labda, kisha mdomo ukaacha. Kama kifua chake kilikwenda na chetu, sikuweza kuona, shela lilikuwa zito. Pumzi ilipokwisha na shoga akaingia na sinia la tambi, bakuli la kwanza alipelekewa yeye. Alilisukuma kando.

"Mimi daktari amenikataza hali," alisema, akiionesha ile tambi kwa kidole. Halafu akageuza kidole kikaelekea katikati ya mkeka, pale palipokuwa hapana kitu. "Nitakuja kwa hiyo nyengine."

Aliweka masharti, bila shaka. Dufu lisipigwe, na sauti isivuke ukuta. Bibi alikubali yote. Na Baba, siku alipoulizwa tena kazini, alijibu kwamba mama yake anasoma na muallima, na hapo mjadala ulikufa, maana wengi wa wale wanaume, mama zao, wake zao na binti zao walikuwa wamepita chini ya kuti lile.

Miaka ikaenda. Lami ilifika, umeme ukafika, nyumba ya udongo ikaachwa tukajenga ya saruji pembeni yake, na chumba cha zikri kikapata feni la dari, ambalo Bibi aliamuru lizimwe Alhamisi kwa sababu lilikuwa likihema vibaya. Wazinjibari wale waliosema inshallah hatimaye walikuja, kila mmoja akieleza kilichomchelewesha. Wanawake wa Ibra walijifunza kasida zetu za Kiswahili, kiitikio chote, bila ya kujua maana, wakaziimba kwa ain na ha nzito za Kiarabu ambazo Unguja hazijapata kusikika. Nikisikia ile lafudhi yao juu ya maneno ya kwetu nilikuwa nikiona fahari mpaka machozi. Sasa wao ndio waliokuwa wakikosea, na hakuna aliyewacheka.

Mimi nilikwisha kuhamia Maskati kwa masomo, kisha kwa kazi, na kila Jumatano jioni nilikuwa barabarani, kwenye njia panda ya Bidbid nikiiacha njia ya Nizwa na kuingia ya Ibra, ili Alhamisi nisiikose. Katikati ya miaka ya themanini Bibi alianza kuchoka. Pumzi, mali yake, ikawa ndiyo inayomsumbua. Alhamisi moja alisema atatoa ijaza.

Kila mtu alijua atampa nani. Shoga alikuwa amezeeka, basi nilibaki mimi, damu yake, niliyekaa kwenye mkeka ule tangu siku ya mafiga. Nilivaa vizuri siku hiyo. Bibi alikaa kwa kuegemezwa mito, akanyanyua mkono wake wa kulia, akamwita jirani.

Manong'ono yalipita upande wa Wazinjibari. Mmoja alisema kwa Kiswahili, ili jirani asielewe, "Hata Kiswahili hajui."

"Jina la Mungu nalo halijui Kiswahili," alisema Bibi. "Njoo, binti yangu."

Jirani alikuja kwa magoti. "Mama, mimi sauti yangu kubwa. Wote wananijua."

"Ndiyo maana nakupa. Asiye na sauti, atanyamazisha nini?"

Akamshika mkono, akasoma, akampulizia kiganjani kwa pumzi ile chache aliyobaki nayo. Kisha akaegemea mito yake, na kiganja chake mwenyewe akakifunga. Mlangoni, muallima alisema amina, kila herufi pahala pake.

Walipokwisha kuondoka nilikaa kitandani kwake. Alijua kilichoniuma.

"Wewe," aliniambia, "hujafumba macho hata siku moja. Miaka yote hiyo nakuona, unatazama watu. Una kazi nyengine ya macho hayo, kaifanye."

Alifariki mwaka uliofuata. Sikwenda Ibra kwa miezi. Niliporudi ilikuwa Alhamisi, baada ya alasiri, na nilipozima gari kichochoroni niliisikia kabla sijafungua mlango: si sauti, maana sharti la muallima lilikuwa likifuatwa, bali ule utulivu mzito ambao ukiujua unajua watu wengi wanavuta pumzi mahali pamoja. Nilisimama hapohapo ukutani nikausikiliza. Nilijua mwanamke yupi amekaa katikati.

Ilipokwisha mlango ulifunguliwa, harufu ya samli na iliki ikatoka, na jirani akatokeza kunilaki. Pale nje alikuwa amesimama bibi harusi mgeni mtaani, bado kijana sana, aliyeletwa kutoka Sur. Alimwamkia jirani, akamuuliza kwa haya kuna nini mle ndani leo.

Jirani, aliyezaliwa Ibra, aliyenyonya Kiarabu cha Ibra, alimtazama binti yule. Akaliacha neno lisimame kwa miguu yote miwili, kwa irabu ya Unguja mwishoni, kama alivyofundishwa.

"Kuna hali," alisema.

Binti akageuka, akaenda mbio nyumbani kuchukua bakuli.